Mimba ya kwanza Dar es Salaam: mwongozo kamili kuanzia kliniki ya kwanza hadi mlango wa wodi

Wadogo zangu wawili, shoga yangu mmoja na binti wa jirani, wote wamekwama palepale: kliniki wameanza tumbo likiwa na miezi mitano au sita. Ukiwauliza, majibu ni yaleyale. "Bado changa, nikitangaza mapema watu wana macho." "Baba watoto hana nafasi ya kunisindikiza." "Siumwi, nikafanye nini?" Mimi mwenyewe nilichelewa, na nitaeleza chini kilichonipata.

Mwongozo huu ni wa mama kijacho ambaye mimba yake haina matatizo. Kama una presha, kisukari, selimundu, ugonjwa wa moyo au kifafa, ruka kuhangaika na zahanati: anzia hospitali, na uanze wiki hii.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, iliyoandikwa, si ya kukisia.
- Kitambulisho chochote, na kadi ya bima kama unayo.
- Mwenza wako, au barua ya serikali ya mtaa (hatua ya 3).
- Asubuhi nzima isiyo na shughuli nyingine. Usiende kliniki ukiwa umemwambia bosi utafika saa nne.
- Maji ya kunywa na kitafunwa. Foleni ni ndefu, na kukaa njaa na mimba changa ni kujitafutia kizunguzungu.
- Daftari dogo la maswali. Ukifika mbele ya nesi utasahau yote.
- Hela ya akiba. Sera inasema huduma za wajawazito katika vituo vya serikali ni bure, lakini dawa au kipimo kikikosekana utaelekezwa duka la nje.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya tarehe

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha sogea mbele miezi 9. Hedhi ikianza Januari 10, tarehe ya makisio ni Oktoba 17. Hiyo ndiyo mimba ya wiki 40.

Usihesabu kuanzia siku uliyogundua, wala siku unayodhani ulishika. Wakunga wote wanahesabu kutoka kwenye hedhi, na ukileta hesabu yako ya kienyeji kadi ya kliniki itaandikwa vibaya. Kosa la wiki nne likiingia kwenye kadi, mwishoni utaambiwa mimba imepitiliza kumbe bado, au mtoto atazaliwa njiti na kila mtu akidhani ametimia.

Kama hedhi yako hairuki tarehe moja tu bali inaruka mwezi mzima, mwambie nesi siku ya kwanza. Picha ya altrasaundi ya mapema inakadiria umri vizuri zaidi kuliko ya miezi ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau picha moja kabla ya wiki ya 24. Moja. Wengine wanapiga kila mwezi ili kujua jinsia. Hiyo ni hela yako, lakini haipunguzi haja ya kipimo chochote nitakachotaja hapa chini.

## Hatua ya 2: Chagua vituo viwili, si kimoja

Hapa wengi wanakosea. Pa kuhudhuria kliniki na pa kujifungulia panaweza kuwa pawili tofauti.

Kliniki iwe karibu. Utakwenda mara nane, na ukilazimika kupanda daladala mbili kila safari, kufikia ya nne utaanza kutafuta visingizio. Zahanati au kituo cha afya cha mtaani kinatosha.

Pa kujifungulia ni swali lingine, na ni la uzito. Uzazi wa kwanza haujulikani utakavyokwenda, kwa kuwa nyonga yako bado haijapimwa na mtoto yeyote. Ukiwa chini ya miaka 18 au zaidi ya 35, una urefu chini ya sentimita 150, una mapacha, au mtoto amekaa vibaya, usipange zahanati kabisa. Hata kama huna lolote kati ya hayo, uliza swali moja tu: "Mama akihitaji upasuaji saa nane usiku, mnamfanyia hapa au mnampeleka wapi?" Wakijibu wanampeleka, uliza kwa gari gani na inachukua muda gani.

Kwa Dar, hospitali za rufaa za mkoa ni Amana kwa upande wa Ilala, Mwananyamala kwa Kinondoni, na Temeke. Juu yao ni Muhimbili. Huanzii Muhimbili kwa mimba ya kawaida. Unafika huko kwa barua ya rufaa.

Umefaulu hatua hii ukiweza kutaja majina mawili: pa kliniki na pa kuzalia, kabla ya mwezi wa nne wa mimba.

## Hatua ya 3: Mwenza, au barua

Nilikwenda kliniki ya kwanza nikiwa na wiki 11. Mapema kabisa, ningekuwa mfano wa kuigwa. Dirishani nikaulizwa, "Baba yuko wapi?" Nikasema yuko safarini. Nikaambiwa nirudi naye. Kituo sikitaji. Nilichofanya mimi ndiyo kosa: nilirudi nyumbani na sikukanyaga tena kliniki mpaka mwezi wa sita.

Mwenza anaitwa ili mpimwe pamoja VVU na kaswende, maana ukitibiwa wewe peke yako yeye atakuambukiza upya. Sababu ni nzuri. Lakini huduma yako haitakiwi kusimama kwa kuwa yeye hayupo.

Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Akiwepo, mwambie siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia. Kama yuko safarini, amekukimbia, au mtoto ni wako peke yako, pitia kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, uombe barua inayosema wewe ni mkazi na utahudhuria bila mwenza. Nenda mapema wiki, asubuhi, kwa sababu mwenyekiti ana mambo mengi na mhuri hautoki nyumbani kwake. Huna wajibu wa kusimulia ndoa yako ofisini. "Mwenza hayupo" ni sentensi kamili.

Ukikataliwa hata ukiwa na barua, omba kuonana na nesi mkuu wa kliniki. Asipokuelewa, nenda kituo kingine kesho yake. Kesho yake, si mwezi ujao.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza

Fika saa moja asubuhi. Kwenye kliniki nyingi kuna somo la pamoja kabla ya kupimwa; kaa mbele usikie. Kisha utapita kwenye mzani, urefu, presha, mkojo kwenye kikopo, na damu.

Hakikisha hivi vimefanyika na vimeandikwa kwenye kadi:

- wingi wa damu
- kundi la damu, pamoja na kama ni chanya au hasi
- VVU na kaswende
- malaria
- protini na sukari kwenye mkojo
- presha

Majibu ya VVU yakiwa chanya, unaanzishiwa dawa mara moja, na mama anayezimeza kila siku ana nafasi kubwa sana ya kupata mtoto asiye na maambukizi. Kaswende inatibika kwa sindano za penisilini. Usikimbie majibu.

Kundi la damu likiwa hasi, usilichukulie kama taarifa ya kawaida tu. Uliza siku hiyohiyo kuhusu sindano ya kuzuia mwili wako usipigane na damu ya mtoto. Hutolewa kwenye wiki ya 28 hivi, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ana damu chanya. Si ya bei rahisi, na haipatikani kila mahali, ndiyo maana miezi ya kujipanga ina maana.

Siku hiyo pia utachomwa chanjo ya pepopunda. Kwa ambaye hajawahi, ya pili inafuata baada ya wiki 4 au zaidi, na inapaswa kuwa imeingia angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Ukianza kliniki mwezi wa nane, hesabu hiyo inaanza kukubana.

Umefaulu ukitoka getini na kadi iliyojazwa, chandarua chenye dawa kama kipo, na tarehe ya kurudi. Piga kadi picha kwa simu, kila ukurasa, kila ukihudhuria. Mvua ya Dar haina adabu na mkoba unaibiwa.

## Hatua ya 5: Vidonge, chakula, na habari ya pemba

Niliporudi mwezi wa sita, nesi hakusubiri hata majibu ya maabara. Alinivuta kope la chini kwa kidole gumba, akaangalia, akasema, "Dada, unakula udongo?" Nikakana. Akaelekeza macho kwenye mkoba wangu uliokuwa wazi: pembeni ya zipu kulikuwa na vumbi la rangi ya kijivu. Pemba. Nilikuwa nanunua fungu kila nikipita sokoni, natafuna nikiwa kwenye daladala. Damu yangu ilikuwa 8.9. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu.

Hamu ya udongo na upungufu wa damu vinakwenda pamoja, na udongo wenyewe unaweza kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe, na kuleta minyoo. Kwa hiyo ukijikuta unatamani pemba, usione aibu: mwambie nesi, ni taarifa ya kitabibu. Kwangu hamu ilipungua baada ya wiki chache za vidonge. Nilikuwa nimejaribu kuacha kwa nguvu ya moyo, ikashindikana.

Vidonge vya kuongeza damu. Ni madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, kila siku hadi kujifungua na baada yake. Foliki ina kazi ya mapema sana: mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto unajifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wengine bado hatujajua kama tumeshika. Ukiwa unapanga mimba, anza kabla.

Meza usiku baada ya chakula kama vinakutia kichefuchefu. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Chai ya rangi, chai ya maziwa na kahawa ziachane na kidonge kwa saa moja au mbili, kwa kuwa zinazuia chuma kuingia. Chungwa au embe vinasaidia kiingie. Najua kumwambia mtu wa Pwani aachanishe chai na mlo ni kumwambia asipumue, lakini ndivyo ilivyo.

SP ya kuzuia malaria. Vidonge 3 kwa mpigo, unameza mbele ya nesi. Huanza mimba ikishatimiza wiki 13, kisha kila baada ya mwezi, usikose angalau dozi tatu. Malaria ya mjamzito inaweza kujificha kwenye kondo la nyuma bila homa yoyote, mtoto akakosa chakula na kuzaliwa na uzito mdogo. "Siumwi" si hoja hapa.

Tahadhari mbili. Anayetumia septrini kila siku hamezi SP. Na mwenye mzio wa dawa za salfa aseme kabla. Pia usijinunulie foliki ya miligramu 5 dukani kwa kudhani kubwa ndiyo bora: dozi hiyo inapunguza nguvu ya SP. Ile iliyomo kwenye kidonge cha kliniki, miligramu 0.4, haina ugomvi nayo.

Dawa ya minyoo. Baada ya miezi mitatu ya kwanza, si kabla.

Chakula. Mchicha, matembele, kisamvu, maharage, dagaa, samaki, maini mara mojamoja. Na mayai. Mama mkwe wangu alinikataza mayai, eti mtoto atatoka kipara. Nilimheshimu mbele yake na nikala mawili ya kuchemsha kila asubuhi kazini. Mtoto alitoka na nywele mpaka kwenye masikio.

Ukitapika hadi mkojo unakuwa haba na wa rangi ya chai, hiyo si "mimba inasumbua". Nenda hospitali.

## Hatua ya 6: Jifunze kuisoma kadi yako

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mahudhurio 8: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ona yanavyobanana mwishoni. Ni kwa sababu kifafa cha mimba hujitokeza baada ya wiki ya 20, na mara nyingi zaidi kuelekea mwisho, na kinaanza kimyakimya: presha inapanda, protini inatokea kwenye mkojo, mama mwenyewe anajisikia vizuri.

Kila ukitoka chumbani, tafuta presha kwenye kadi kabla hujaondoka. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, rudi ndani uulize. Kama hujapimwa mkojo, sema. Sema kwa adabu, "Samahani nesi, naona mkojo leo haujaandikwa," na usubiri. Wao wana foleni ya wanawake sitini. Wewe una kadi moja.

Mtoto utaanza kumsikia kati ya wiki ya 18 na 22. Mara ya kwanza ni kama povu la soda tumboni, usitegemee teke.

Hizi zikitokea, usingoje tarehe ya kliniki, nenda muda huohuo, hata usiku:

- kutokwa damu ukeni, kidogo au nyingi
- kichwa kuuma sana, kuona maruerue, au uso na mikono kuvimba ghafla
- degedege
- homa kali
- mtoto kuacha kucheza au kupungua sana
- maji kumwagika kabla ya wakati
- maumivu makali ya tumbo, au kupumua kwa shida

Miguu kuvimba jioni baada ya kusimama kutwa ni jambo la kawaida. Uso kuvimba asubuhi si la kawaida.

## Hatua ya 7: Mkoba na usafiri, kufikia wiki ya 34

Orodha ya vifaa inatofautiana kwa kila hospitali, kwa hiyo iombe kwao badala ya kuiga ya shoga yako. Mara nyingi utakuta glovu, pamba, mpira wa kutandika, wembe mpya, vibanio vya kitovu, beseni, sabuni na pedi za uzazi. Ongeza khanga. Nyingi. Zilizofuliwa zikalainika, sio mpya zenye wanga zinazoteleza na hazinyonyi. Mimi nilibeba sita nikaona nimezidisha. Zote ziliisha kabla ya asubuhi. Nguo za mtoto, kofia na soksi weka kwenye mfuko wake peke yake juu kabisa, maana atakayetumwa kuzichukua hatajua ulipoficha.

Usafiri ndio unaowaangusha watu wa Dar. Tulifanya jaribio kutoka Tabata: saa kumi na moja alfajiri tulitumia dakika 14, saa kumi na mbili jioni dakika 55. Hospitali ileile, barabara ileile. Fanya jaribio lako nyakati zote mbili. Ukiwa Kigamboni, usipange kivuko usiku wa uchungu. Panga Daraja la Nyerere. Mimba ikiangukia masika, Machi hadi Mei, kumbuka kwamba Jangwani ikijaa maji Barabara ya Morogoro inafungwa, na ujue njia ya kuzunguka.

Ongea na madereva wawili, wa gari au bajaji, wanaolala jirani. Wape namba, wape hela ya mafuta mapema kidogo ili wakukumbuke. Bodaboda haifai kwa mama mwenye uchungu. Maumivu yakikubana katikati ya safari utashindwa kujishikilia. Kwa dharura ipo namba ya bure 115 ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga. Muulize nesi wa kliniki yako jinsi unavyotumika mtaani kwenu kabla ya kuuhitaji.

Tafuta pia ndugu wawili wenye afya walio tayari kuchangia damu. Na uliza kama wodi inaruhusu msindikizaji ndani, ili mama au dada yako asije akalala nje kwenye benchi akidhani ataingia.

Mkoba ukae mlangoni. Kadi ndani yake.

## Hatua ya 8: Uchungu unapoanza

Uchungu wa uongo hauna mpangilio, na ukitembea au ukioga maji ya vuguvugu unapotea. Wa kweli unakaribiana na kuongeza nguvu, mara nyingi ukianzia kiunoni na kuzunguka mbele, na unaweza kuona ute wenye damu. Kwa mtoto wa kwanza safari ni ndefu, saa nyingi. Andika muda: unapoanza, unapoachia.

Maumivu yakija kila baada ya dakika 5, kila moja likidumu kama dakika nzima, kwa muda wa saa moja, ondoka. Ukiwa mbali au ni saa za foleni, usisubiri yakaribiane hivyo. Chupa, yaani mfuko wa maji ya uzazi, ikipasuka, ondoka hata kama huumwi. Maji yakiwa ya kijani, au damu ikitoka kama hedhi au zaidi, ondoka mbio.

Utakutana na mtu, pengine mwenye mapenzi mema kabisa, mwenye kikombe cha dawa ya kuongeza uchungu. Kataa. Kizazi kinachosukumwa kwa nguvu isiyopimwa kinaweza kupasuka, na mtoto akakosa hewa. Maji ya sukari, uji mwepesi, maji matupu: hivyo kunywa.

Ukifika, usianze kueleza habari ndefu. Toa kadi kwanza, kisha sema mambo manne: wiki ya mimba, ni ya ngapi, uchungu umeanza saa ngapi, chupa imepasuka au bado. Mimi nilisema, "Wiki 39, ya kwanza, tangu saa nne usiku, bado haijapasuka, na nilikuwa na upungufu wa damu." Nesi alifungua kadi kwenye ukurasa wa damu, akaona 8.9 ya mwezi wa sita na 11.2 ya wiki mbili zilizopita, akanionyesha kitanda cha tatu kutoka dirishani.